E100, Acros au HP5: uweke filamu gani kwenye kamera ukienda kupiga nebula

Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali hili na watu watatu, na wote wameanza vilevile, "mkuu nimepewa kamera ya zamani ya filamu, nataka kupiga ile nebula ya Jabari, ninunue ASA 400 au nitafute 800?" Nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani, Jabari ni lile kundi la nyota la Orion, na ASA ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga. Sasa acha niandike mara moja niwe natuma hii. Jibu fupi ni kwamba hiyo namba ya ASA kwenye boksi ndio kitu cha mwisho kuangalia kwa kazi yetu. Watu wananunua namba kubwa wanakuja kulia kwamba darubini mbovu, lenzi mbovu, kumbe filamu ilishalala zamani wakati wao wanapigwa baridi porini.

Iko hivi. ASA inapimwa kwa mwanga wa kawaida, shata inafunguka na kufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sisi tunafungua dakika 10, dakika 20, wengine saa nzima. Mwanga wa nebula unakuja tone moja moja, na chembe ya fedha ndani ya filamu inataka matone kadhaa yaipate kwa kukaribiana ndio ikubali kushika picha, yakichelewana chembe inasahau ya kwanza kabla ya pili haijafika. Kwa hiyo dakika ya kumi haifanyi kazi sawa na dakika ya kwanza. Kwa Kiswahili cha kwetu mi naita filamu kuchoka, kitaalamu ni resiprositi kufeli, na aliyeipima vizuri ni Karl Schwarzschild, Mjerumani, mwishoni mwa karne ya 19, ndio yuleyule wa mashimo meusi.

Halafu kuna jambo la pili, wekundu. Nebula nyingi zinazong'aa zinang'aa kwa hidrojeni, na mwanga wake mkubwa uko nanomita 656, wekundu wa ndani kabisa ambao filamu nyingi ama zinauona kwa shida ama haziuoni. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: inachoka haraka kiasi gani, na inaona ule wekundu au haioni. Hayo mawili ndio nitazilinganishia hizi tatu, Kodak Ektachrome E100, Fujifilm Neopan Acros 100 II na Ilford HP5 Plus, kwa sababu zote bado zinatengenezwa. Ukisoma vitabu vya zamani utakuta wanasifia Technical Pan na Ektachrome E200, achana nazo, zimeshaacha kutengenezwa miaka mingi. Ile Technical Pan wenyewe walikuwa wanaipika kwanza kwenye chombo chenye gesi ya hidrojeni na naitrojeni, imepashwa moto kwa masaa, ndio isichoke. Sidhani kuna mtu hapa anataka kuweka hidrojeni jikoni kwa mke wake.

Nani anachoka

Tuanze na HP5 maana ndio kila mtu anaiendea, ASA 400, bei inavumilika. Ilford wenyewe wametoa kanuni, unachukua muda uliopimwa, kwa sekunde, unaupandisha kwa kipeo cha 1.31. Maana yake kipimo kikisema dakika 1, wewe fungua dakika 3 na nusu. Kikisema dakika 10, fungua saa 1 na dakika 13! Sasa igeuze upande wa pili uone uchungu wake: ukiifungua HP5 dakika 10 nzima, kazi iliyofanyika kweli ni ya sekunde 132. Zile sekunde nyingine 468 ulikuwa unaangalia nyota tu, ambayo sio vibaya, lakini filamu haikuwepo.

Acros ni ASA 100, yaani kwenye karatasi ni dhaifu mara nne. Lakini hii filamu ni ngumu kama punda. Fujifilm wanasema hadi sekunde 120 usiongeze chochote, na kutoka hapo mpaka sekunde 1000 ongeza nusu stopu basi (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, nusu yake ni mara 1.4 hivi). Dakika 10 kwenye Acros ni kazi ya sekunde 424 hivi.

Ziweke pamoja. HP5 sekunde 132, zidisha mara nne kwa sababu ya ASA yake, unapata 528 dhidi ya 424 ya Acros. Ile faida ya mara nne uliyolipia imebaki nyongeza ya robo tu juu ya Acros. Ukifika sekunde 1000, yaani dakika 16 na sekunde 40, hesabu inakuwa 780 kwa 707, wanakaribia kulingana, na Acros ina chembe laini zaidi kwa hiyo ukiikuza picha nyota zinabaki nyota, haziwi kama unga wa sembe uliomwagika. Mi nilipoifanya hii hesabu mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

E100 ni slaidi, yaani picha inatoka kwenye filamu yenyewe sio negativu, ya rangi, ASA 100. Sitakupa hesabu yake kama hizo mbili, ila kwa vitendo inavumilia vizuri, mi naifungua dakika 20 mpaka 30 kwa tundu la lenzi la f/2.8 au f/4 chini ya giza la kweli, halafu kwenye kusafisha naomba waisukume stopu moja, yaani ikae kwenye dawa muda zaidi, inatoka imejaa. Slaidi nyingine ambayo haichoki ovyo ni Provia 100F ya Fujifilm, yenyewe kiwandani wanasema hadi sekunde 128 usiongeze kitu, ila watu wengi wa fani hii wakitafuta wekundu wanaangukia E100 na mimi niko nao.

Wekundu ndio unaamua

Hapa ndipo Acros inapoanguka, na inaanguka vibaya. Ni filamu ya aina wanayoiita othopankromatiki, macho yake kwenye wekundu ni hafifu. Ukiipeleka kwenye nebula ya Carina au Lagoon utapata nyota kali safi zinapendeza, na nebula yenyewe imekuwa kivuli cha moshi. HP5 nayo inaona wekundu wa kawaida lakini pale kwenye 656 iko pembeni kabisa mwa uwezo wake. Kwa hiyo hizi mbili nyeusi na nyeupe zote hazifai kwa nebula nyekundu, HP5 afadhali kidogo, lakini afadhali ya kipofu na chongo.

Nebula kubwa ya Jabari, M42, ni ya peke yake kidogo, ile katikati inang'aa pia kwa kijani na buluu, na ina mwanga mwingi mno, kwa hiyo hata filamu mbovu itaishika. Ndio maana watu wanaanza nayo wanafurahi, wanadhani wameshaweza, wanahamia kwenye nyingine wanapata ukurasa mweusi. Hii nebula yenyewe ndio ya kwanza kupigwa picha duniani, Henry Draper, Marekani, tarehe 30 Septemba 1880, alifungua dakika 51. Miaka mitatu mbele Mwingereza Andrew Common akaipiga kwa dakika 37 zikaonekana nyota ambazo jicho kwenye darubini haliwezi kuziona. Na huyu Common kazi yake ya mkate ilikuwa uhandisi wa mambo ya usafi wa mji, anga ilikuwa mapenzi tu, kwa hiyo wakikuambia unapoteza muda wajibu hivyo.

E100 sasa. Hii inaona wekundu wa hidrojeni vizuri, na inauleta wekundu kweli, sio pinki ya kukisia. Na nitawaambia kitu kinachowaudhi watu wa dijito: kamera ya dijito ya dukani ambayo haijaguswa ina kioo mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya mwanga huohuo wa 656, kwa sababu ukiachiwa nyuso za watu zingetoka nyekundu. Ndio maana Canon walitoa 20Da mwaka 2005 na 60Da 2012, na Nikon D810A 2015, makusudi kwa watu wa nyota. Kwa hiyo E100 kwenye kamera ya mzee wako inaweza kuona wekundu kuliko kamera mpya ya dijito ya shemeji yako, kwa fremu moja moja. Nasema fremu moja moja kwa makusudi, maana dijito haichoki, unapiga fremu 60 za dakika 2 unazirundika kwenye kompyuta, na hapo filamu inakaa chini. Kama lengo lako ni picha nzuri haraka, nunua dijito, sitakudanganya. Haya yote ninayoyaandika ni ya mtu anayetaka filamu kwa sababu anataka filamu.

Kuna atakayeuliza, si kuna filamu nyeusi na nyeupe zinazoona wekundu? Zipo, Ilford SFX 200 inaona mpaka nanomita 740. Nilishawishika. Halafu nikaangalia kipeo chake cha kuchoka, 1.43. Dakika 10 zake ni kazi ya sekunde 88. Hata ukizidisha mara mbili kwa ASA 200 hufiki hata nusu ya Acros. Inaona, ila inasinzia.

Baada ya kupiga

Hapa watu hawafikirii mpaka roli iko mkononi, na kwa sisi wa huku ndio kikwazo chenyewe. HP5 na Acros unasafisha mwenyewe nyumbani, tangi dogo la plastiki, dawa kama D-76, maji, mfuko mweusi wa kuingizia filamu. Tatizo ni joto. Muda wa kwenye maelekezo umeandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba la Dar hayajawahi kuwa nyuzi 20 tangu dunia iumbwe. Nilichoma roli yangu ya kwanza hivyo, dawa ya moto, muda wa dawa baridi, negativu imetoka nyeusi tii. Siku hizi naweka beseni la maji na barafu ya mia mbili, chupa za dawa zinakaa humo mpaka kipimajoto kikubali.

E100 inataka E-6, ule usafishaji wa slaidi za rangi, na E-6 inasafishwa nyuzi 38, ambayo kichekesho chake ni kwamba kwa nchi ya joto ni rahisi kuitunza kuliko 20. Ila dawa zenyewe kuzipata ndio kazi, kwa hiyo roli zangu zinapanda ndege, nampa ndugu anayeenda Ulaya anazipeleka maabara huko. Na hapo kuna sharti moja: kwenye begi la mkononi, asithubutu kuweka kwenye begi la chini, mashine za mizigo zinachoma filamu. Na hata kwenye mkono aombe ikaguliwe kwa macho. Ukungu wa eksrei unaanzia kwenye sehemu za giza za picha, na picha zetu ni giza tupu, mpiga picha wa harusi anaweza asione tofauti lakini wewe utaiona.

Bei, E100 ndio ghali kati ya hizi tatu, na ukijumlisha kusafisha inauma. Ila piga hesabu ya usiku: kila fremu nusu saa, na kupanga, na kuhama kutoka kitu hadi kitu, kwa usiku mzima unapata fremu 8 au 10 ukijitahidi. Roli ya 36 ni safari nne hivi. Kwa hiyo tofauti ya bei ya roli ni ndogo ukilinganisha na mafuta ya gari. Ubaya wake ni kwamba filamu iliyopigwa ukiiacha ndani ya kamera miezi mitatu kwenye joto picha inaanza kufifia, kwa hiyo malizia na picha za watoto upeleke. Zile ambazo hujapiga kaa nazo kwenye friji, ukizitoa ziache kwanza zipate joto la chumba kabla hujafungua kopo, la sivyo zinatoka jasho.

Kwa hiyo unachukua ipi

Inategemea unaenda kupiga nini, na unachoenda kupiga kinategemea msimu. Mi naenda nyumbani Manyoni, Singida, kwa sababu kuna giza na kiangazi kinakauka sawasawa, kuanzia Juni mpaka Oktoba, na naenda siku za mwezi mwandamo, siku nyingine hazituhusu.

Juni na Julai usiku unaanza na Nge na mkusanyiko wote wa katikati ya Njia Nyeupe, Lagoon na ndugu zake. Hapo E100, sijadili. Ukiweka Acros hapo umechoma usiku. Carina naye bado yuko upande wa kusini magharibi jioni mapema mwezi wa sita, naye ni wa E100.

Omega Centauri ni kundi la nyota, nyota tupu, halina hidrojeni ya kung'aa. Hapo Acros inakula zote, chembe laini, haichoki, na unaisafisha mwenyewe kesho yake. Hivyohivyo Kilimia, maana ule ukungu wake ni wa buluu, vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na filamu isiyopenda wekundu haipotezi kitu pale. Galaksi ya Andromeda pia Acros. Mawingu ya Magellan, zile galaksi mbili ndogo jirani zetu, Acros kwa sura nzima, ila kama unataka ile nebula ya Tarantula iliyo ndani yake itoke na rangi, rudi kwenye slaidi.

Jabari kwa mwanzo wa mwaka ni mvua kwetu, kwa hiyo mi namwinda Septemba, saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja kasoro alfajiri, anakuwa amepanda vizuri. E100 kama ninayo. Kama sina, HP5.

HP5 basi ni ya nini? Ni ya kujifunza, na ni ya mtu ambaye stendi yake haiwezi kufuata nyota zaidi ya dakika 2 au 3 (dunia inazunguka, kamera isipogeuka kuzifuata nyota zinatoka mistari). Kwa dakika 1 bado ina faida ya mara moja na nusu juu ya Acros, na kwa picha pana za Njia Nyeupe na lenzi ya 50 ni tamu, inasamehe makosa. Roli mbili za kwanza za mtu yeyote ziwe HP5, kwa sababu utaziharibu. Fokasi utakosea, maana alama ile ya mwisho kwenye lenzi si lazima iwe kweli na filamu haina kioo cha kukuonyesha. Umande utakukamata pia, mi navisha lenzi soksi yenye mchele uliopashwa moto, wacheke wanaocheka. Kamera iwe ya shata ya mekanika, Olympus OM-1 au Nikon FM2 mfano, ambayo kwenye B, ile alama ya kuacha shata wazi muda unaotaka, haili betri, zile za umeme ukiifungua nusu saa mbili tatu betri inakwisha katikati ya picha.

Na kuhusu kufuata nyota, vitabu vyote vinakuambia elekeza mhimili kwa Kutubu, ile nyota ya kaskazini, sasa ukiwa Manyoni Kutubu iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko digrii 6 tu juu ya vichaka, haina hata nyota ya maana. Stendi nyingi za dukani hazishuki mpaka digrii 6, uzito wa nyuma unagonga mguu. Fundi seremala ndio mkombozi hapa: mbao mbili, bawaba, na boliti ya M6 ambayo uzi wake ni milimita 1 kwa mzunguko, iweke milimita 228.5 kutoka kwenye bawaba, uizungushe mara moja kwa dakika. Kwa wenzetu wa Ulaya lazima wauinue huu mtambo sana, kwa sisi bawaba inalala karibu sawa na ardhi ikielekea kaskazini na kusini, kazi rahisi. Kwa lenzi ya 50 unapata dakika 5 mpaka 10 safi, na kwa dakika hizo nadhani umeshajua ni Acros au HP5, hesabu iko hapo juu. Kwa E100 ya nusu saa unahitaji mtambo wa mota na kuuhakiki kwa kuangalia nyota inahamia wapi.

Kitu kimoja nilikuwa nimesahau, na ni cha filamu zote tatu. Fremu ya kwanza ya roli piga mchana, ukuta, mbuzi, chochote chenye mwanga. Fundi wa maabara akipokea roli ya anga jeusi haoni fremu inaanzia wapi, na mashine inakata popote. Roli moja ya E100 nilirudishiwa na mkasi umepita katikati ya Lagoon.